Kipimo kisichotumia sindano kabla ya kupandikizwa figo

Tuseme, msomaji, figo zako zote mbili zimeacha kufanya kazi. Kwa mwaka mzima umekuwa ukienda hospitalini mara mbili kwa juma kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Sasa ndugu yako amejitolea kukupa figo yake moja. Damu zenu zimepimwa zikapatana. Moyo na mapafu yako yamekaguliwa, hata meno yamechunguzwa. Jamaa wamefanya harambee na fedha zimepatikana. Unachongojea ni kuambiwa siku ya upasuaji.

Badala yake unaambiwa uingie chumba cha pili ukaonane na mtu ambaye hana sindano wala chombo cha kusikilizia moyo. Anakukaribisha kiti, anakujulia hali, kisha anaanza kuuliza. Ni nani anayekupikia nyumbani? Unaishi orofa ya ngapi? Nauli ya kuja kliniki hutoka wapi? Umewahi kukata tamaa hata ukaona heri ufe? Pombe unakunywa kiasi gani? Na huyu ndugu yako, ni nani aliyemwambia akupe figo?

Wengi hukasirika hapo. Mgonjwa hujiambia kwamba amekuja kutafuta figo, hakuja kuhojiwa kama mtu anayeomba mkopo benki. Wengine huogopa na kusema uongo, wakidhani kwamba wakikosea jibu moja watanyimwa uhai. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, anayeelewa kazi ya mazungumzo hayo hunufaika nayo sana, na anayedanganya hujidhuru mwenyewe. Leo tumeonelea tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa maana jamaa nyingi za mijini sasa zina mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu, maradhi mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo.

UPASUAJI NI MWANZO TU

Upasuaji wa kupandikiza figo huchukua saa chache. Kinachofuata hudumu miaka. Mwili wa binadamu una askari wake, yaani kinga, ambao kazi yao ni kushambulia kila kitu kigeni kinachoingia. Askari hao hawajui kwamba figo hiyo ni zawadi ya ndugu. Wao huiona adui. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kumeza dawa za kuwatuliza, kila siku, muda wote ambao figo hiyo itakuwa ikifanya kazi.

Mojawapo ya dawa zinazotumiwa sana, takrolimasi, kwa kawaida humezwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Kiasi chake katika damu kikipungua, askari huamka. Kikizidi, dawa yenyewe huidhuru figo. Hata tunda la balungi laweza kuvuruga kiasi hicho, na baadhi ya dawa za miti shamba pia. Isitoshe, kwa kuwa kinga imetulizwa, maradhi madogo ambayo jirani huyapuuza yaweza kumlaza mgonjwa hospitalini. Katika majuma ya mwanzo hutakiwa kurudi kliniki mara kadhaa kwa juma, kisha ziara hupungua polepole.

Sasa mfikirie mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kukodisha, anayefanya kazi ya zamu za usiku, na ambaye kliniki yake iko umbali wa matatu mbili. Daktari wake aweza kuwa hodari na figo aliyopewa iwe njema kabisa, na bado akaipoteza kwa sababu ya nauli. Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pembamba. Yule mtu wa chumba cha pili anapapasa kamba yako akitafuta pembamba ni wapi, ili pashonwe mapema kabla mzigo haujaning'inizwa.

MAFUNGU MANNE YA MASWALI

Kazi hii hufanywa na mwanasaikolojia, daktari wa maradhi ya akili, afisa wa huduma za jamii wa hospitali au mshauri, kutegemea uwezo wa hospitali yenyewe. Kwa muda mrefu kila mmoja aliuliza alivyoona yeye, na mgonjwa mmoja angeweza kukubaliwa hapa na kukataliwa pale. Ili kupunguza tofauti hizo, wataalamu wametunga miongozo. Mmoja unaojulikana sana ulichapishwa mwaka 2012 na kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lililoongozwa na daktari wa maradhi ya akili José Maldonado. Mwongozo huo, uitwao SIPAT, una mambo 18 ya kuangaliwa, nayo yamegawanywa katika mafungu 4.

Fungu la kwanza ni ufahamu wako. Je, unajua figo zako ziliharibiwa na nini? Unajua kwamba dawa hazitakwisha? Unajua kwamba figo iliyopandikizwa yaweza kukataliwa na mwili, na kwamba huenda siku moja ukarudi kwenye mashine? Mtu anayeamini kwamba akishonwa atakuwa amepona kabisa hujikuta njia panda mwezi wa pili, hali ya mwili ikiwa nzuri na dawa zikionekana kama usumbufu tu.

Fungu la pili ni watu wako. Hapa maneno kama "nina jamaa wengi" hayatoshi. Utaulizwa ni nani hasa atakayelala nawe hospitalini, atakayeongozana nawe kliniki, atakayejua majina ya dawa zako iwapo utazimia. Kisha utaulizwa ni nani atakayeshika nafasi ya huyo wa kwanza akiugua au akihamishwa kikazi. Kwetu sisi jambo hili lina upekee wake. Siku ya harambee ukumbi hujaa mashangazi, wajomba na marafiki wa kanisani au msikitini. Miezi sita baadaye, mara nyingi anayebaki ni mke, mama au binti mmoja. Mhojaji atataka jina la huyo mmoja, na aghalabu ataomba kuonana naye uso kwa uso.

Fungu la tatu ni hali ya akili na hisia. Hapa pana ugumu ambao hata madaktari wazoefu huuheshimu. Mtu mwenye unyogovu, yaani huzuni nzito isiyoisha, hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, huchoka bila kufanya kazi na kushindwa kukaza fikira. Lakini mtu ambaye figo zake zimekufa naye hupatwa na hayo hayo, kwa kuwa sumu zinazostahili kutoka kwa mkojo zimebaki mwilini. Kwa mgonjwa wa ini, sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa zaweza kumchanganya akili hata asijue siku ya juma. Kwa hiyo mhojaji hutulia na kuchunguza: je, bado unacheka na watoto? Bado unangojea jambo fulani kwa hamu? Unajiona mzigo kwa wenzako? Akigundua kwamba ni unyogovu, kwa kawaida hatua ya kwanza ni kuutibu, kwa maana hutibika. Mgonjwa aliyeufichua huondoka na dawa au ushauri.

Fungu la nne ni mwenendo na vileo. Utaulizwa kuhusu pombe, sigara, bangi, miraa na muguka. Vile vile utaulizwa ikiwa huwa unaruka siku za mashine au kuacha dawa za shinikizo la damu, kwa sababu mazoea ya jana huonyesha ya kesho. Kwa miaka mingi hospitali nyingi za ng'ambo zilikuwa na sharti kwamba mgonjwa ambaye ini lake limeharibiwa na pombe akae miezi 6 bila kunywa kabla ya kufikiriwa. Sharti hilo liliwaacha wengi wakifa wakihesabu miezi. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walitangaza matokeo ya wagonjwa 26 waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa na kupandikizwa bila kungoja miezi hiyo. Baada ya miezi 6, asilimia 77 kati yao walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 23 ya wagonjwa wa hali kama yao ambao hawakupandikizwa. Waliochaguliwa walikuwa na jamaa wa karibu walio tayari kuwasaidia, na walikuwa wameahidi kuacha pombe maishani. Tangu wakati huo hospitali nyingi zimelegeza sharti lile na kumchunguza kila mtu kwa hali yake. Hapo utaona jinsi mazungumzo ya chumba cha pili yanavyoweza kumfungulia mtu mlango ambao kanuni kavu ingemfungia.

KIJANA NA DAWA ZAKE BWENINI

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu usidhani kwamba mambo haya ni ya wazee. Wataalamu wameona mara kwa mara kwamba walio katika hatari kubwa ya kupoteza figo waliyopandikizwa ni vijana wa umri wa kati ya kumalizia shule ya upili na kuanza maisha yao wenyewe, takriban miaka 17 hadi 24. Miili yao ina nguvu, lakini ndio wanaoacha dawa.

Sababu si ngumu kuelewa. Dawa za jamii ya prednisoloni, ambazo huwa sehemu ya matibabu hayo, zaweza kuufanya uso uvimbe na kuleta chunusi. Zaweza pia kuvuruga usingizi na kumfanya mtu awe mwepesi wa kukasirika. Kijana aliye bwenini humeza vidonge vyake kwa kujificha, asije akabandikwa jina. Siku moja anasahau, haumwi. Siku ya pili anaacha kusudi, bado haumwi. Kukataliwa kwa figo mara nyingi huanza kimya kimya, na dalili zikitokea huenda madhara yamekwisha kufanyika.

Ndiyo maana mhojaji mwema humtoa mzazi nje kwa muda na kuzungumza na kijana peke yake. Humuuliza ni rafiki gani mmoja anayeweza kuambiwa ukweli, ni mwalimu yupi au muuguzi yupi wa shule atakayeweka dawa, na saa zipi zinaafikiana na kengele za shule. Mzazi anayejibu maswali yote kwa niaba ya mwanawe anadhani anasaidia. Kumbe anamnyima mwana nafasi ya kujifunza kuubeba ugonjwa wake mwenyewe.

HATARI YA KUPIMA THAMANI YA MTU

Huenda umeanza kujiuliza: basi maskini, mpweke au mlevi wa zamani atafanyaje? Je, hiki si chombo cha kuwapendelea wenye mali na jamaa kubwa? Swali lako ni la haki, na historia inakuunga mkono.

Mwaka 1962, mjini Seattle, Marekani, kulifunguliwa kituo cha kusafisha damu kwa mashine wakati ambapo mashine zilikuwa chache mno. Wagonjwa waliofaa kitabibu walikuwa wengi kuliko nafasi. Ikaundwa kamati ya watu 7, miongoni mwao mwanasheria, kasisi, mwenye benki, mama wa nyumbani na kiongozi wa wafanyakazi. Kazi yao ilikuwa kuchagua nani aingie. Waliangalia umri, ndoa, idadi ya watoto, mapato, elimu, kazi, hata mwenendo wa mtu kanisani. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo gazeti la Life lilichapisha habari zao, na watu wengi wakashtuka: watu saba wa kawaida walikuwa wakiamua nani anastahili kuishi kwa kutazama kama anafanana nao. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kulipia matibabu hayo kwa karibu kila aliyeyahitaji, na kamati za namna hiyo zikakosa kazi.

Kisha kuna Sandra Jensen wa California, mwanamke aliyezaliwa na hali ya Down, iliyofanya akili yake iende polepole. Alihitaji moyo na mapafu. Mwaka 1995 hospitali mbili zilimkataa, zikishuku kwamba hangeweza kufuata masharti ya dawa. Watetezi wa walemavu walipaza sauti, uamuzi ukabadilishwa, na Januari 1996 alipandikizwa. Alifariki mwaka 1997. Lakini mwaka ule wa 1996 California ilipitisha sheria ya kuzuia mtu kunyimwa kiungo kwa sababu tu ya ulemavu.

Funzo la visa hivyo viwili ndilo linalopaswa kuongoza kila chumba cha pili. Swali halali ni hili: mtu huyu atahitaji nini ili figo yake idumu? Swali haramu ni lile la Seattle: mtu huyu ana thamani gani? Mgonjwa mpweke akiulizwa swali halali, jibu laweza kuwa kutafutiwa kikundi cha wagonjwa wenzake, jirani wa kuaminika au muuguzi wa kumpigia simu. Akiulizwa lile haramu, jibu huwa mlango kufungwa. Iwapo utaona umeshukiwa kwa sababu ya umaskini, kabila, dini au ulemavu wako, una haki ya kuuliza sababu na kuomba mtaalamu mwingine akuone.

CHUMBA CHA MTOAJI

Hadi sasa tumemzungumzia anayepokea. Lakini kuna mwingine anayestahili kuketi katika chumba hicho, naye ni mzima wa afya. Katika Kenya, kwa miaka mingi figo za kupandikizwa zimekuwa zikitoka kwa watu walio hai, aghalabu jamaa wa damu. Kwa hiyo kila upasuaji mmoja huwalaza watu wawili.

Mtoaji anastahili kuambiwa ukweli bila sukari. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika watoaji 10,000, takriban 3 hufa kutokana na upasuaji. Ni wachache sana, lakini si sufuri. Uchunguzi mwingine wa nchi hiyo, wa mwaka 2014, ulikadiria kwamba katika watoaji 10,000, watu 90 watapatwa na maradhi ya figo kufa wakati fulani maishani, ikilinganishwa na 14 katika watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Na kwa dada ambaye bado anatarajia kuzaa, uchunguzi wa Kanada wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba shinikizo la damu la ujauzito na kifafa chake cha mimba kinachokaribia vilitokea katika asilimia 11 ya mimba za waliotoa figo, na asilimia 5 ya mimba za wasiotoa. Mtoaji pia hukaa majuma manne hadi sita bila kubeba vitu vizito. Kwa mtu wa mjengo, mchuuzi wa sokoni au dereva wa mkokoteni, huo ni mwezi na zaidi bila chakula cha watoto. Ni nani atakayewalisha?

Zaidi ya hayo yote kuna swali la hiari. Tunajua mambo yanavyokwenda katika jamaa zetu. Wazee huketi, huzungumza, kisha macho yote humgeukia kitinda mimba ambaye hajaoa, au dada aliyelipiwa karo na yule anayeumwa. Hakuna anayemlazimisha. Hakuna hata anayemuuliza. Anajikuta amekwisha kukubali kwa kukaa kimya. Akikataa ataitwa muuaji katika kila matanga na kila arusi hadi uzee wake.

Kwa sababu hiyo hospitali zinazofuata utaratibu mwema humwona mtoaji peke yake, mbali na mgonjwa na wazee, na mbali na daktari anayemtibu mgonjwa. Marekani, tangu mwaka 2007, kila hospitali inayopandikiza viungo kutoka kwa watu walio hai na kupokea malipo ya bima ya serikali hutakiwa kuwa na mtetezi wa mtoaji anayesimama upande wake tu. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2004, mhakiki huru humhoji mtoaji na mpokeaji, kila mmoja peke yake na kisha wote pamoja, kuhakikisha kwamba hakuna shuruti wala malipo.

Na iwapo mtoaji atasema kwa sauti ya chini, "Mimi sitaki, lakini siwezi kuwaambia"? Hapo wataalamu wana desturi ya busara. Jamaa huambiwa tu kwamba mtu huyu hafai kutoa. Maelezo zaidi ni siri yake. Hakuna uongo uliosemwa, kwa maana asiyetaka kwa hakika hafai. Naye huondoka hospitalini bila kuvunja undugu. Ikiwa umewekwa katika hali hiyo, wewe dada au kaka unayesoma, jua kwamba mlango huo upo, na waweza kuubisha hata asubuhi ya siku ya upasuaji.

FADHILA NA DENI

Hata pale hiari inapokuwa safi, figo haitolewi bure kama embe la jirani. Watafiti wawili wa Marekani, Renée Fox na Judith Swazey, waliofuatilia wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi, walieleza jinsi zawadi isiyoweza kulipwa inavyoweza kumtawala aliyeipokea. Mpokeaji hujiona ana deni la milele. Huogopa kumkosoa ndugu yake, hata anapokosea. Mtoaji naye, bila kukusudia, huanza kumchunga mwenzake: "Mbona unakula chumvi nyingi? Hiyo ni figo yangu."

Aidha, mtoaji huweza kuhuzunika baada ya upasuaji. Kabla yake alikuwa shujaa. Baadaye wageni wote hukizunguka kitanda cha mgonjwa, wakati yeye ana kidonda na hakuna anayemletea uji. Na figo ikikataliwa, huomboleza kana kwamba amefiwa. Mambo haya yakizungumzwa mapema, ndugu hupatana: figo ikishatolewa ni ya aliyepewa, mtoaji atatunzwa sawa na mgonjwa, na figo ikishindwa hakuna atakayelaumiwa.

Itakumbukwa kwamba ndugu wa kwanza kufanyiwa upasuaji huu ukafaulu, Richard na Ronald Herrick, mapacha wa kufanana, walipita njia hiyo hiyo. Walipasuliwa mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954 chini ya daktari Joseph Murray, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kabla ya kukubali, madaktari walitafuta ushauri wa madaktari wenzao, viongozi wa dini na wanasheria: je, ni halali kumpasua mtu mzima asiyeumwa? Usiku wa kuamkia siku hiyo, Richard aliyekuwa mgonjwa alimwandikia pacha wake kibarua akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba yuko na atakaa. Richard aliishi miaka 8 zaidi, akaoa na kupata watoto. Ronald aliishi hadi mwaka 2010. Tazama kwamba hata siku ya mwisho mlango wa kuondoka ulikuwa wazi, na kwa sababu ulikuwa wazi, kubaki kwake kulikuwa zawadi ya kweli.

PESA ZIKIINGIA

Mlango huo ukizibwa kwa noti, mambo huharibika. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka idhini ya maandishi na inapiga marufuku kutoza malipo kwa kiungo cha mwanadamu. Anayepatikana na hatia aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kufungwa jela muda usiozidi miaka 10, au yote mawili. Shirika la Afya Duniani nalo, katika kanuni zilizoidhinishwa mwaka 2010, linapinga ununuzi na uuzaji wa viungo.

Mwaka 2025, baada ya waandishi wa habari wa ng'ambo kueleza madai kwamba vijana walishawishiwa kuuza figo zao kwa wageni, Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret na kuunda kamati ya kuchunguza. Wenye hospitali walikanusha madai hayo. Ya kamati na mahakama tuyaachie wenyewe. Lakini kila mzazi wa mjini ana jambo la kujifunza. Kijana anayedaiwa karo au anayetamani pikipiki akikaa mbele ya mhojaji makini kwa saa moja, akaulizwa umemjuaje mgonjwa huyu, jina la mama yake nani, mlikutana lini, uongo huonekana. Pale ambapo mazungumzo hayo hayafanyiki, au hufanywa kwa kujaza fomu tu, mnyonge hana ngome.

JITAYARISHE HIVI

Ikiwa wewe au jamaa yako anaelekea katika chumba hicho, kuna mambo machache yatakayokufaa. Enda na mtu atakayekutunza hasa, usiende na yule mwenye cheo katika ukoo. Chukua dawa zako zote, pamoja na zile za miti shamba, uzionyeshe. Sema kweli kuhusu pombe na kuhusu siku ulizoruka mashine. Andika hesabu ya nauli, kodi na dawa kwa mwezi, ili afisa wa huduma za jamii aone pengo lilipo na akueleze bima inalipa nini. Kama kuna siku uliona heri ufe, mwambie. Amekwisha kuyasikia hayo kwa wengi, hatashtuka.

Wewe mtoaji, omba kuonwa peke yako. Uliza nani atakayekupima mwaka hadi mwaka baada ya kutoa. Wewe mzazi au mzee wa ukoo, usimtangaze mtoaji katika kikao kabla hajazungumza na wataalamu, kwa maana neno likishatangazwa humfunga mtu kuliko kamba.

Mara nyingi utakachoambiwa mwishoni ni orodha ya mambo ya kutengeneza: tibu unyogovu kwanza, tafuta mtu wa pili wa kukusaidia, hamia karibu kidogo na kliniki, acha sigara, rudi baada ya miezi mitatu. Miezi hiyo huonekana mirefu kwa aliye kwenye mashine, na hakuna wa kumlaumu akinung'unika. Lakini figo ni moja, imetoka katika mwili wa mtu anayekupenda, na haitatoka ya pili kwake. Ni afadhali iingie katika nyumba iliyokwisha kuandaliwa.